Kiota Kisichofunguka

Jumamosi, 8 Novemba

Maji nimebadilisha. Maganda ya wimbi nimepuliza nje. Jike hakutoka kwenye boksi hata nilipofungua keji, kwa hivyo najua amelalia. Nimeinua kifuniko kidogo. Mayai matano. Jana yalikuwa manne.

Hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza walitagia kile kikapu cha wazi walichokuja nacho kutoka shule, mwalimu wa Biology alipohamishwa akaniachia hawa finchi wawili, ndege wadogo wa keji. Lakini ukungu wa huku kwetu Boito huingia hadi ndani ya soksi. Mayai yakapata baridi, wakayaacha. Ndipo Protich, kaka yangu, akanitengenezea boksi la mbao. Shimo mbele, kifuniko chenye bawaba juu. Kifuniko ni wazo langu. Nilitaka kuona.

Nimemwambia Kogo mayai ni matano. Kogo ni nyanya yangu, mama ya baba. Amenigonga mkono na mwiko. “Vitu hai havihesabiwi, Chebet. Hatuhesabu watoto. Hatuhesabu hata ng'ombe.”

Nimecheka. Kwa Biology tunahesabu hadi miguu ya nzige.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumechuna chai na Mama asubuhi. Mchana mvua ya mawe. Baba amesema hawa kuku wangu supu yao haiwezi kujaza kijiko. Husema hivyo kila wiki.

Niandike ukweli, kwani nani atasoma. Ninaongea nao. Darasani mwalimu akiita jina langu huitikia mara mbili ndiyo asikie. Mbele ya watu sauti hukwama hapa kooni kama ugali bila mboga. Kwa ndege hutoka yote. Kipsigis, Kiswahili, Kiingereza, hawajali. Jike huinamisha kichwa upande mmoja, anasikiza.

Mayai matano bado. Nimeangalia mara tatu leo. Najua ni vibaya.

Alhamisi, 13 Novemba

Akina mama wa kanisa wamekuja kwetu kuomba. Baada ya maombi Mama akawaonyesha ndege. Alikuwa na furaha, hana kosa. Mmoja akaona bawaba. Akafungua. Wakaja wote, vitambaa vya kichwa vimeziba dirisha.

“Kumbe ni kama maharagwe!”

Mwingine akaingiza kidole, akageuza yai moja, akasema ni la moto. Jike alikuwa amejibandika kwenye waya za keji, kifua kinapiga.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na thamosi. Maneno yalikuwa mdomoni. Tafadhali funikeni. Maneno mawili tu. Nikamimina chai. Nikauliza nani hatumii sukari.

Ijumaa, 14 Novemba

Jike amelala kwenye kijiti usiku wote. Mayai baridi.

Jumapili, 16 Novemba

Hawajarudi. Nimeyatoa. Niliyashika mbele ya tochi kabla ya kutupa. Mawili yalikuwa na nyuzi nyekundu za damu ndani.

Sitaandika zaidi juu ya hiyo.

Jike amevimbisha manyoya kama mpira. Anafunga macho mchana. Najichukia. Mama ameuliza mbona niko kimya. Halafu akakumbuka mimi huwa kimya, akaenda zake.

Jumanne, 18 Novemba

Tumeenda na Protich hadi agrovet, duka la dawa za mifugo, pale Mogogosiek. Nilikuwa nimejifunza swali langu njia yote. Mwenye duka akasema, “Sema, mrembo, ni dawa ya kuku?” Swali likapotea. Protich ndiye ameeleza.

Huyo mzee anafuga njiwa, anajua mambo. Amesema nitoe kiota kabisa kwa muda. Nimpe jike maganda ya mayai ya kuku, yachemshwe kisha yasagwe. Nikirudisha kiota kiwe kimoja, kilichofungika pande zote, chenye joto, na nisiweke uzi wala sufu, maana hufunga miguu ya vifaranga. Nyasi kavu fupi inatosha.

Halafu akaniangalia mimi, si Protich. “Kandege kama hako kakitaga bure mara ya tatu, kanakwisha. Mwilini hakuna kitu kimebaki.”

Nimefika nyumbani nikatoa boksi kabla ya kuvua viatu.

Alhamisi, 20 Novemba

Viota. Nimefikiria hadi kichwa kinauma.

Kikapu hapana, baridi. Boksi lina joto, shimo ni sawa, paa halivuji. Watu wote kwenye video za wafugaji wa ndege wanasifu boksi. Protich anasema apige kifuniko misumari, mambo yaishe. Lakini najijua. Msumari ninaweza kung'oa.

Hiyo ndiyo siri yangu na inaniaibisha. Nilichagua boksi kwa sababu yangu. Kiota kizuri, kwangu, kilikuwa kile ninachoweza kufungua. Mimi, ambaye mtu akinitazama sana naangusha kijiko.

Kwenye video wengine wanatumia kifuu cha nazi. Huku nazi ni hadithi. Lakini nyuma ya mlango wa jikoni kuna sotet ya Kogo, kile kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, iliyopasuka shingoni. Haishiki maziwa tena. Tumbo lake ni duara. Tukitoboa shimo moja kwa ubavu na kuziba shingo, hakuna mtu anayeweza kuchungulia. Hata mimi.

Shida ni kumwomba Kogo.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimesimama mlangoni mwa jikoni hadi Kogo akauliza kama mimi ni nguzo ya stima. Nikasema.

“Sotet ni ya maziwa,” amesema. “Si choo cha ndege.”

Nikaenda kuchuna chai. Niliporudi ilikuwa juu ya kitanda changu. Tunalala chumba kimoja, pazia katikati. Sauti yake ikatoka upande ule mwingine:

“Mtu akiuliza, ilipasuka. Si uongo.”

Jumanne, 25 Novemba

Protich ametoboa kwa msumari wa moto, akakata kwa msumeno mdogo. Shimo la vidole vitatu ubavuni, matundu madogo chini ili unyevu utoke. Shingo tumeziba kwa kizibo cha mti. Ameiita bedsitter, chumba kimoja cha kupanga. Anasema landlady, yaani jike mwenye nyumba, ni mkali na hataki wageni.

Jike anakula maganda ya mayai. Manyoya yameanza kulala vizuri. Bado sirudishi kiota. Natamani kurudisha.

Jumapili, 30 Novemba

Nimetundika sotet jana, kona ya juu, mbali na dirisha.

Leo dume ameingia. Ametoka mweusi kama muuza makaa. Yale mashavu yake ya rangi ya chungwa, hakuna. Mdomo mweusi. Jike alimwona akakimbia.

Mkaa! Kila sotet hupakwa mkaa ndani ili mursik iwe na ladha, miaka nenda rudi. Najua hivyo tangu nizaliwe. Nimekunywa huo mkaa tangu nizaliwe. Na nimeosha hicho kibuyu nje tu, kama mjinga.

Kogo amecheka hadi akakohoa. Halafu akaleta maji moto na mchanga na ile fimbo yake ya kusugulia, akasugua yeye mwenyewe, akiwa bado anacheka.

Alhamisi, 4 Desemba

Jua limewaka vizuri wiki hii, sotet ikakauka. Nimeitundika tena jana.

Dume anabeba nyasi. Anaingia na moja, anatoka, anaimba, anaingia na nyingine. Jike alimtazama asubuhi yote kama mtu anayeangalia fundi asiyemwamini. Saa nane akaingia.

Hakutoka haraka.

Nilikuwa nimeketi sakafuni.

Jumatano, 10 Desemba

Jike hutoka kula tu, anarudi. Usiku wanalala humo wote wawili. Ametaga. Sijui mangapi.

Inanisumbua kuliko nilivyofikiria. Leo nimesimama mbele ya shimo na tochi mkononi, imezimwa. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatano, 24 Desemba

Kesho Senge anakuja kutoka Londiani, dada ya baba, na watoto wake. Mama amesema keji haiwezi kuhama. Jikoni kuna moshi, na chumba chetu na Kogo ndicho cha wageni. Itabaki hapo hapo sebuleni.

Siogopi watoto. Namwogopa Senge. Ananipenda sana, na hufungua kila kitu. Sufuria, kabati, begi yako.

Jike ni mzima leo. Macho wazi. Akiacha mayai haya, yule mzee wa agrovet alishasema.

Nimefanya mazoezi kwenye mistari ya chai. “Tafadhali msiwasumbue, wamelalia.” Majani hayajajibu. Nasikika kama tangazo la hospitali.

Alhamisi, 25 Desemba

Walifika na gunia la viazi na kelele. Senge alinikumbatia, akamuuliza Baba kama nimefungua mdomo mwaka huu au wataniozesha kwa picha. Watu wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Baada ya chakula akaona sotet ya Kogo, mama yake, kwenye keji. “Hii si ya Mama? Mmeweka nini humu?” Protich alikuwa nje. Mama yangu akasema ni ndege za Chebet, zinataga. Senge akavuta stuli. Watoto wakamfuata. Akawasha tochi ya simu, akafungua mlango wa keji, mkono ukaingia hadi kiwiko. Ndani ya sotet jike akatoa ile sauti fupi ya hofu.

“Ziko ngapi humu, Chebet?”

Sentensi yangu ya kwenye chai haikuwa popote. Halafu kitu kikatoka, si nilichofanyia mazoezi.

“Senge, hatuhesabu.”

Kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Baba akaweka kikombe chini. Senge akamgeukia Kogo. Kogo alikuwa anatoa nyama kwenye mfupa, hakuinua kichwa. Hakuna aliyesema kwamba hiyo ni ya watu na ng'ombe, si ya ndege.

Senge akatoa mkono polepole. Akazima tochi.

“Ni kweli,” akasema. “Hatuhesabu.” Halafu kwa watoto: “Tokeni hapo, mnamkosesha mama hewa.”

Nikaenda nyuma ya choo nikalia kidogo. Si kwa huzuni.

Jumamosi, 27 Desemba

Wageni wameenda. Chini ya keji, kipande cha ganda. Cheupe, chembamba, kimepasuka vizuri katikati.

Jumatatu, 29 Desemba

Kifaranga mmoja amekufa. Nimempata kwenye sakafu ya keji asubuhi. Uchi, macho bado yamefunikwa na ngozi. Nimemzika chini ya mchai.

Nimetaka kuangalia kuliko siku zote. Si kuhesabu, kujua tu kama kuna waliobaki. Jike akatoka, akala yai la kuku lililopondwa haraka haraka, akarudi mbio. Asiye na mtu ndani hakimbii kurudi. Nimejiambia hivyo.

Jumatano, 31 Desemba

Nimemkuta Kogo kwenye stuli, tochi mkononi, jicho kwenye shimo.

“Kogo. Hatuhesabu.”

“Nani anahesabu? Nasalimia.”

Nimemshusha kwa mkono. Amesema humo ndani ni giza tu, na kwamba nimekuwa na mdomo siku hizi.

Jumapili, 4 Januari

Shule kesho. Sare imepigwa pasi. Maji nimebadilisha, maganda ya wimbi nimepuliza nje. Protich ameapa kwa jina la Mama kwamba atawalisha, na Mama mwenyewe alikuwa anasikia.

Mvua imenyesha mchana, ikaacha. Nimeketi sakafuni. Jike akaingia kwenye sotet na sauti ikaanza ndani, nyembamba, kama mtu anasugua kioo kwa kidole. Ilipanda, ikachanganyika na nyingine. Zaidi ya mmoja. Sijui ni wangapi.

Mama ameuliza kutoka jikoni kama vifaranga bado wako.

Nimejibu hapo hapo nilipoketi, na amesikia bila mimi kurudia. Wako.