Pikipiki Iliyokatwa Kwenye Picha

Alhamisi, Kabianga.

Mvua ya mawe imepiga majani chai mchana wote na mimi hata sijatoka kuangalia shamba. Nimekaa jikoni karibu na moto, koti la mvua bado liko mwilini. Mke wangu ameuliza mara mbili kama naumwa. Nimesema hapana.

Naumwa. Ila si mwili.

Asubuhi kamati ya ushirika wetu wa maziwa ilikutana ikaamua kwamba pikipiki ninayotumia kazini itauzwa kwa mnada, nami ninunuliwe mpya. Najua mwingine angeshangilia. Mimi nilitoka kwenye kile chumba kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta ng'ombe wake wa maziwa ameuzwa, na kwamba aliyemleta mnunuzi ni ndugu yake.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila fahali. Watu huniita daktari, nami nimechoka kuwakatalia. Ng'ombe akiingia joto asubuhi, lazima nimfikie siku hiyo hiyo, mvua iwe, matope yawe. Nikichelewa, mkulima anangoja mzunguko mwingine, na huko mbele anakosa maziwa aliyokuwa ameshayapangia karo. Mtungi wa mbegu unafungwa nyuma ya kiti, na barabara zetu mnazijua: juu ni utelezi wa udongo mwekundu kati ya mashamba ya chai, na ukishuka upande wa Sigor ni matope yanayoshika gurudumu kama unga wa ugali.

Pikipiki yenyewe ni ile kubwa ya safari, ya pistoni moja, ambayo kiwanda bado kinaiunda vile kilivyoiunda nikiwa shule ya msingi. Taa ni ile ile, tangi ni lile lile. Haina skrini. Fundi wangu wa Kapsoit huifungua huku akiongea kwa simu. Tangu nipewe, haijawahi kuniacha njiani nikiwa na mtungi. Nilikuwa nimeiomba kamati jambo moja tu: kama mnaninunulia mpya, ninunulieni hii hii, ikiwa mpya.

Walikuwa karibu kukubali. Walisema tu wangependa kusikia pia kutoka kwa watu wanaojua pikipiki.

Hapo ndipo nilipofurahi kama mjinga. Maana mtu anayejua pikipiki ninaye. Anaitwa Kiplangat, anaandika katika jarida moja la pikipiki huko Nairobi. Mimi na Kiplangat tulikaa menjo moja, ile nyumba ya vijana waliotahiriwa pamoja. Mtu wa namna hiyo tunamwita bakule. Ukiwa na bakule huhitaji kumbembeleza wala kuwekeana naye masharti. Unasema shida yako, basi. Kumuuliza mara ya pili ni kumtukana.

Nikamweleza habari ya kamati. Akacheka kwa simu, akasema, "Bakule, nakuja huko kwenu na pikipiki tatu mpya tuzipime. Hiyo yako pia lete, tutazipanga zote laini moja."

Sikumuuliza mara ya pili.

Kiplangat na wenzake wa jarida walikuja wakati wa mvua ndefu. Tatu zinang'aa, kila moja na skrini kama simu ya mtoto wa chuo. Niliongoza njia kutoka Kapsoit hadi huku Kabianga, kesho yake tukashuka Sigor. Mpiga picha alipanda nyuma yangu siku zote mbili, kwa sababu, alisema mwenyewe, kwangu hakuwa anaogopa. Kabla ya Sigor moja ya zile mpya ilizama hadi kwenye injini. Nyingine ikawasha taa nyekundu na kukataa kuondoka mpaka wapige simu mjini waulize ina shida gani. Nilifunga kamba, nikavuta ile iliyozama, nikaitoa. Kiplangat mwenyewe alipanda yangu kurudi. Alishuka akalipigapiga tangi akasema, "Hii kitu ni mzee lakini iko sawa kabisa." Nilijisikia kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Jarida lilitoka wiki jana. Mwenyekiti ndiye aliyelileta kwenye mkutano leo, amelikunja kwenye mfuko wa koti. Mimi nilikuwa bado sijaliona, na nilikuwa nimevaa shati zuri.

Zimepimwa tatu. Kurasa na kurasa, nyota kwa kila jambo, skrini zimepewa aya nzima. Yangu haiko. Haikutajwa hata kwa ubaya. Kuna picha moja kubwa ya ile iliyozama: imeinama kwenye matope, na mbele yake kamba imekazwa kabisa, inaenda mpaka ukingoni mwa picha halafu inaishia hapo. Ukiitazama usipojua, utadhani inavutwa na Mungu.

Niliiangalia ile kamba mpaka macho yakaniwasha.

Mwenyekiti alikuwa mpole, na hilo ndilo lilinimaliza. Akasema, "Daktari, sisi hatukukatai. Lakini hawa watu wamepima hapa hapa kwetu, kwa hii matope yetu. Kama hiyo yako ingekuwa ya maana, si wangeiweka?"

Ningejibu nini? Ningesema aliyeandika ni bakule wangu na ameificha? Mwenyekiti naye ni mtu wa huku. Anajua bakule hasemwi vibaya mbele ya watu. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu wakakuhesabu kuwa ni kukubali. Watanunua ile iliyopata nyota nyingi. Ile ya taa nyekundu.

Nilitoka nje nikampigia Kiplangat nikiwa nimesimama kando ya pikipiki, mvua ikianza. Nilitegemea aseme mhariri ndiye alikata. Ningemsamehe. Nilikuwa nimeshamtayarishia huo msamaha.

Hakudanganya hata kidogo. Akasema, "Bakule, hiyo yako ingeshinda zote. Sasa hapo mimi ningeandika nini? Haina kitu mpya. Imekuwa vile vile miaka yote, msomaji atasoma nini? Na hizo tatu tulipewa na wenye duka. Yako hakuna mtu alituletea."

Nikasema, "Mimi nilikuletea."

Nimefikiria maneno yake mchana wote na naona yana akili, na hiyo inanikera zaidi. Jarida linaishi kwa habari mpya. Chombo kisichobadilika hakina habari. Hakina mtu wa kukipigia debe wala sherehe ya kukizindua, kwa hivyo kila mwaka wanapanga zile mpya wanazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, na ile inayozitoa matopeni inasimama nje ya picha. Sawa. Hiyo ni biashara yao. Lakini mimi sikuwa nimelitegemea jarida. Nilimtegemea mtu niliyelala naye chini ya ngozi moja tukiwa na vidonda.

Pale pale kwenye simu nilimwambia basi, wanaiuza. Nilitaka tu asikie alichofanya.

Mara sauti yake ikabadilika, ikawa ya haraka. "Wanaiuza? Lini? Bakule, nisikize, usiambie mtu mwingine. Hiyo ni yangu. Nimekuwa nikiitafuta ya namna hiyo mwaka mzima, hizi mpya si za kutegemea."

Nilikata simu.

Nimeumia. Nasema wazi hapa, kwa sababu nyumbani siwezi kusema hivyo. Angekuwa mtu asiyejua pikipiki ningemwonea huruma. Huyu alijua, akaficha, na sasa anataka kuja kuchukua.

Tena ameomba, na bakule akiomba hanyimwi. Hayo ndiyo tuliyofundishwa, yeye na mimi, na mtu mmoja akiyasahau mwingine hajapewa ruhusa ya kuyasahau. Kwa hivyo kesho nitamtumia siku na saa ya mnada. Atakuja, na najua atainunua, na najua ataitunza vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Mke wangu ameshasikia kwamba Kiplangat huenda akaja, na ameanza kutafuta kibuyu cha kuwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, maana hajawahi kuja hapa akaondoka bila kunywa.

Nimemwambia asiweke.