Buibui la Mama

Mjukuu wangu Raya,

Sie huku Ghubra hatujambo, na macho ya babu yako yamepata nafuu, gazeti anasoma mwenyewe. Umeniuliza kama unaweza kulikata buibui nililokupa, ulifanye joho la kuvaa juu ya gauni lako la marinda matatu la Halowini, hiyo siku yenu ya kuvaa mavazi ya kuigiza. Umefanya vyema kuuliza. Mie sikuuliza.

Nilipokuwa skuli Unguja, nilichaguliwa kuwa malkia katika mchezo wa hadithi. Gauni nilikuwa nalo, joho sina. Nikachukua buibui la mama kimyakimya, nikalikata, nikashona pindo kwa mkono. Siku ya mchezo nikamtafuta mama kwenye viti, simwoni. Kumbe lilikuwa buibui lake pekee, na bila ya buibui hatoki nje.

Niliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Nivalie tena, nikuone." Nikaucheza mchezo mzima chumbani, yeye peke yake amekaa kitandani, anapiga makofi.

Likate, mwanangu, mie nna jengine. Lakini ukishavaa, kabla hujenda kwa wenzako, nipigie simu ya video. Nataka niwe wa mwanzo kukuona.

Bibi yako,
Zuwena