Baba, Mama Alikubali Kupasuliwa

Baba yangu, Afande Daktari,

Kabla hujaniuliza mbona nimekaa kimya, naanza kwa kusema wazi: nina hamu nawe kupita kiasi. Watu waliniambia itapungua. Haijapungua. Imejifunza tu kunyamaza mbele ya wageni. Leo nina habari za Mama, na kwa kuwa ni habari ambayo ungetaka kuwa mtu wa kwanza kuisikia, nimeona nikuandikie. Nivumilie tu nizunguke kidogo kabla ya kuifikia.

Nyumba ya Section 58, hapa Nakuru, iko vilevile. Vumbi la Januari bado linapenya hata ukiziba mlango kwa matambara, na majirani bado wanaiita "kwa Afande". Siku inayonishinda ni Jumamosi. Ulipostaafu jeshini ukaanza kufundisha upasuaji chuoni, nilidhani sasa tutapumua. Wapi! Ulitoka kambini, lakini kambi ukaja nayo nyumbani. Kila Jumamosi asubuhi ulisimama kwenye geti na filimbi yako, viatu vinang'aa, na mwanafunzi aliyechelewa alibaki nje kando ya miwa ya jirani. "Aliyepigwa risasi hakungojei umalize chai," ulikuwa unawaambia. Mimi nilichungulia dirishani nikiwaonea huruma.

Halafu yale matumbo. Wenzangu shuleni hawakuniamini nilipowaeleza. Baba za watu walileta nyama nyumbani, wewe ulileta utumbo wa ng'ombe ndoo nzima kutoka buchari, Mama akauosha, ukaukata vipande na kuwapa wanafunzi kwenye baraza wauunganishe kwa sindano na uzi. Mtu akimaliza, ulichukua jagi, ukamimina maji ndani ya ule utumbo, ukaunyanyua juu machoni pako. Likidondoka tone moja, ulisema bila kupandisha sauti, "Mgonjwa wako amekufa. Anza upya."

Na kwa vile Mama hakutupa chakula, mazoezi yakiisha alitoa nyuzi, akayapika matumbo yale na pilipili na dania nyingi, mkala nyote na ugali. Unakumbuka siku Mchungaji alipotutembelea, akavuta uzi mweusi mrefu kutoka kwenye bakuli lake? "Mama Nekesa, hii ni nini?" Mama alitamani ardhi ipasuke. Wewe ukajibu kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, "Huo ni uzi wa hospitali, Mchungaji. Hauna madhara." Nilicheka mpaka nikafukuzwa mezani. Hata sasa nikiwa peke yangu jikoni huwa nacheka, halafu kicheko kinageuka, najikuta nimeshika sinki.

Kati ya wanafunzi wale alikuwepo Chepkoech, binti mwembamba kutoka shamba moja upande wa Molo. Kila Jumamosi utumbo wake ulivuja. Alikuwa akienda kulia nyuma ya tangi la maji, na wewe badala ya kumbembeleza ulimtuma buchari akaongeze utumbo. Nilikukasirikia. Nikakuuliza, "Baba, mbona unamtesa huyu msichana?"

"Simtesi. Huyo ana mikono kuliko wote. Ana haraka tu."

Sikukuelewa mpaka siku tuliyotoka Ndabibi kumwona shangazi. Ukiwa unaendesha gari, bila mtu kukuuliza, ukaanza kunisimulia kuhusu ile hema ya ng'ambo mlikopelekwa kulinda amani, siku majeruhi walipoletwa wote kwa pamoja wakalazwa chini, wakikuangalia. Hukusimulia damu. Ulisema tu, "Nilikuwa na mikono miwili, Nekesa. Miwili tu." Ukasimamisha gari kando ya barabara, ukanunua kabichi nyingi ambazo hatukuzihitaji. Kumbe ndiyo sababu ya filimbi, na jagi, na ukali wote ule. Ningependa kukaa tena kwenye kiti hicho cha mbele, kabichi zikinigonga miguuni, hata kama usingesema lolote.

Sasa nije kwa Mama.

Unakumbuka ule uvimbe wa shingo, goita yake. Miaka yote ulikuwa unaupima kwa hila, ukisimama nyuma yake akimimina chai, vidole vyako shingoni, naye anakufukuza na kitambaa cha sahani. Ulimwambia uondolewe, ila wewe mwenyewe hungeweza kumkata, kwa sababu mkono unaompenda mtu haufai kumshikia kisu. Na kwa vile hukujua kudanganya mgonjwa, ukamweleza pia kwamba hapo shingoni unapita mshipa mwembamba wa fahamu unaobeba sauti, na kwamba ukiguswa vibaya, sauti inaweza kwenda. "Wewe nawe na ukweli wako!" Mama akasema, na mjadala ukaishia hapo. Ulipofariki akaufunga kabisa. Aliyeijua shingo yake alikuwa ameenda.

Mwaka huu uvimbe ulishuka ukaanza kubana njia ya hewa. Mama akawa hawezi kulala chali. Alilala ameketi kwenye kiti chako, na akitembea mpaka getini pumzi ilitoa mlio. Hospitalini walituambia bila kuficha kwamba tukiendelea kungoja, utamnyonga. Nililia, nikamwomba, tukakosana. Ndugu yangu alipiga simu kutoka Eldoret akimbembeleza. Mchungaji naye akaja. Mama alitusikiliza wote, kisha akasema, "Heri nife na sauti yangu."

Nikamtafuta Chepkoech. Siku hizi ni Daktari Chepkoech, anapasua shingo za watu hapa Nakuru na anafundisha wengine. Nilitarajia aniambie nimlete Mama kliniki. Akasema, "Hapana, nitakuja mimi. Daktari wetu hakuturuhusu kumkata mtu ambaye hatujaketi kwake."

Alikuja Jumamosi. Mama alimpokea vizuri, akampa chai na ngwaci, vile viazi vitamu, wakakukumbuka wakacheka. Halafu Mama akainuka, akaenda jikoni polepole na ile pumzi yake, akarudi na sinia. Juu yake palikuwa na utumbo uliooshwa, sindano na uzi.

"Shona," akasema.

Baba, nilikufa kwa aibu. "Mama! Huyu ni daktari mkubwa, jameni!"

"Hata bwanangu alikuwa mkubwa. Wacha ashone."

Chepkoech hakubishana. Aliweka kikombe chini, akavua saa, akanawa mikono pale kwenye bomba la nje, akarudi akaketi. Alishona bila kuinua macho, taratibu, na katika nyumba nzima hakukusikika kitu isipokuwa kifua cha Mama. Alipokata uzi, Mama alikuwa tayari na jagi. Akamimina. Akaunyanyua utumbo juu kama ulivyokuwa ukifanya, akaungoja, akapitisha kidole chini ya mshono na kukitazama. Kilikuwa kikavu.

"Ile haraka iliisha," Mama akasema.

"Aliniondolea Daktari wetu, mama. Kwa machozi."

"Na nikiamka nitakukuta hapo? Si kunitupia watoto wa chuo."

"Utanikuta mimi mwenyewe."

Mama akachukua sinia, akaenda kukata vitunguu. Tulikula matumbo mchana huo, na wiki iliyofuata akalazwa.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la nje nikawa na hamu nawe kwa namna ambayo sikuwa nayo hata kaburini. Kule kwenye mazishi, na tarumbeta na bendera, ulikuwa wa jeshi, na mimi nilikuwa mmoja tu wa waliosimama. Pale kwenye benchi ulikuwa wangu peke yangu. Nilikutaka utoke kwenye ule mlango na kofia yako ya kijani, uniambie ukweli ulivyo, mbaya au mzuri, kwa ile sauti yako isiyopamba. Kila mlango ulipofunguka niliinuka kama mjinga. Kila mara alitoka mtu mwingine.

Hatimaye wakaniita. Mama alikuwa amelala chali, Baba, chali kabisa, bandeji shingoni, na kifua kimetulia. Chepkoech alikuwa ameinama juu yake, bado na nguo za kazi.

"Mama, umeamka? Sema kitu nisikie. Neno lolote."

Midomo ya Mama ikasogea, hakukutoka kitu. Nikashika chuma cha kitanda.

"Jaribu tena, mama. Polepole. Neno lolote tu."

Mama akameza, akafunga macho, akayafungua. Na kwa sauti yenye mikwaruzo, lakini ile ile yake, akaita:

"Baba Nekesa."

Chepkoech aligeukia ukuta. Nesi naye akajifanya anasoma mashine. Mimi sikuweza kujifanya chochote.

Nilidhani ni dawa ya usingizi, kwamba amesahau. Kesho yake, nikimnywesha uji, nikamuuliza kwa uangalifu kama jana alifikiri uko pale chumbani. Akanitazama vile alivyozoea kunitazama nikiunguza mboga.

"Nekesa, walinikata shingo, hawakunikata akili. Najua mahali bwanangu amelala. Daktari alitaka kusikia kama sauti ipo. Mimi nilitaka kusikia kama bado naweza kumwita."

Anaweza, Baba. Pumzika.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Nekesa