Rangi Mbili za Kulinda Kichwa

Mayu, mama yangu, mwangaluka.

Ni mimi Masanja, kitinda mimba wako. Darasa langu la nne unalijua, lakini hapa Dutwa hakuna anayenishinda mwandiko.

Tangu utuache mambo yamegeuka. Josho la serikali limekauka, pamba wananunua watu binafsi wenye malori yao, na dawa zinauzwa dukani pamoja na sabuni, huulizwi cheti. Hapo ndipo ninapopata vile vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu. Nameza asubuhi na jioni, Mayu.

Unamkumbuka ng'ombe wetu mwekundu, alivyokuwa akizunguka uwanjani kama amesahau zizi? Bwana mifugo alisema kupe wamemtia vijidudu, vimepanda kichwani. Nilimchoma sindano mwenyewe, kesho yake akafuata wenzake malishoni. Ulipoanza kupotea njia ya kisimani, nilikuletea rangi mbili, dawa ya ukoo uleule na ile sindano. Tulichelewa tu. Ng'ombe huogeshwa kabla kupe hawajamjaa. Mimi nimewahi.

Daktari wa Bariadi aliniambia, "Mzee, hiyo haitibu kusahau." Nikamjibu sitibu, nakinga. Akaita mgonjwa mwingine, nikajua nimemshinda. Nilipotoka nje sikukumbuka baiskeli nimeiacha wapi.

Maana imeanza, Mayu. Watoto wa dada wakija kusikia habari ya simba niliyemuua kwa fimbo, wananiambia, "Mjomba, jana walikuwa wawili." Wanacheka. Zamani nilikuwa nawaongeza makusudi. Sasa sijui. Juzi nimepotea njia ya Sapiwi, njia niliyochungia tangu nina meno ya utoto. Nikasema nilikuwa nakagua pamba za watu. Wakacheka. Jana nikawaambia ukweli, kwamba nilipotea. Ndipo wakacheka zaidi. Hata nikilia watasema mjomba kaja na kituko kipya.

Wewe ungejua. Siku ile ulinitazama ukaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikasema, "Wako, Mayu." Ukasema, "Basi kaa ule." Ukanimegea ugali wako.

Lala, Mayu. Nitazimeza dawa hizi mpaka ziniokoe au duka liishiwe, na jina lako nakuahidi litakuwa la mwisho kunitoka. Ila zikishindwa, nikafika huko nikakuuliza wewe ni mama wa nani, usinicheke kama hawa. Sema, "Wako." Halafu uniambie nikae nile.