Kuku wa Pili

Mama buko wangu mpendwa,

Nakuandikia haraka. Odette, binti yako, yuko uani anapiga pasi, na makaa yakizimika ataniita twende. Leo ndugu zako wanavua nguo nyeusi walizovaa kwa ajili yako, nao wameniomba mimi, mkwe wenu, niseme maneno machache mbele ya watu. Wanadhani wanajua nitasema nini. Lakini kuna jambo ambalo tulilijua wewe na mimi tu, na tangu uondoke nimebaki nalo peke yangu. Sitaki kusimama pale nipigiwe makofi kwa uongo. Kwa hiyo naanza na wewe.

Miaka tisa tulikutana karibu kila asubuhi, na miaka hiyo yote sikuujua uso wako. Niliujua mgongo wako, visigino vyako, kitambaa chako cha buluu cha kichwani na kile kikapu kilichopasuka ukingo. Sisi Baluba tuna heshima yetu ya buko, yaani ya ukwe: mkwe hamtazami mama wa mke wake usoni, hamgusi, wala hapishani naye njiani kama anavyopishana na mtu yeyote. Mmoja lazima aache njia. Mjini kwenye barabara pana hilo si gumu. Njia yetu sisi, kutoka nyumba zetu za pembeni mpaka shule ninayofundisha ng'ambo ya reli, ni ya upana wa mtu mmoja, majani kulia na kushoto. Wewe ulitangulia kwa miguu kwenda shambani. Mimi nilikuja nyuma kwa baiskeli kwenda kazini. Nilikuwa nakukuta karibu na kichuguu kikubwa, kabla njia haijateremka bondeni.

Wiki za kwanza baada ya ndoa, mimi ndiye niliyeacha njia. Nikiona tu kitambaa cha buluu mbele, narukia majanini na baiskeli yangu, nangoja ufike mbali, natoka nimelowa umande mpaka kiunoni. Watoto wa darasa langu walicheka. Walinong'ona kwamba mwalimu anakuja shuleni kwa kuogelea. Sikumwambia mtu, lakini wewe ulijua, kwa sababu jioni moja Odette alinipa ujumbe wako huku akijizuia kucheka:

"Mama anasema usiingiake tena mu majani na pantalo ya kazi. Yeye njo ataingia."

Nilikataa. Mtu mzima aniachie njia mimi? Ulituma tena: mwalimu hawezi kufundisha na suruali iliyolowa, na nguo zako wewe ni za shamba, zinalowa kila siku hata hivyo. Basi tukapatana bila kuonana. Nikikaribia kichuguu napiga kengele mara mbili. Wewe unaingia majanini, unageuka mgongo, unagonga jembe kwa jiwe kunijulisha uko tayari. Nami napita nimegeuza uso upande wa pili, nasema, "Jambo yenu, mama," nawe unajibu kutoka kwenye majani, "Eyo vidye," jibu lile la heshima ambalo hata machifu hujibiwa. Kila siku mwalimu wa darasa la nne kwenye baiskeli ya Kichina alijibiwa hivyo. Nilikuwa nikifika shuleni nimejaa kiburi kidogo, nakiri.

Na ulikuwa na maneno! Kwa kuwa hukupaswa kuzungumza nami ovyo, uliongea na jembe lako. Nikipita nasikia, "Weye jembe, ambia ule mwalimu mupira yake ya nyuma iko nalala." Ninashuka mbele kidogo, nabonyeza tairi, kweli halina upepo. Siku nyingine, kuhusu baiskeli yenyewe: "Jembe, hii kinga inalia sana. Bwana yake haina mafuta?" Breki ya mbele ilipokufa nayo ulijua, ukaliambia jembe lako kwamba mtu anayefunga breki kwa soli ya kiatu atafika uzeeni bila kisigino. Nilicheka peke yangu mpaka kwenye reli.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa siku ya mitihani. Karatasi za darasa langu zilikuwa nyuma yangu, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kukazwa kwa kamba za mpira wa ndani wa tairi. Nilikuwa nimechelewa mara mbili juma lile, na mkuu wa shule alishaniambia mbele ya wenzangu, akionyesha bendera, "Mwalimu, drapo haingojake muntu. Mara ingine nitaandika." Usiku mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, mnyororo ulikuwa umetoka mara moja tayari. Nilikuwa nimekasirika na kila kitu. Nilipokaribia kichuguu nilipiga kengele mara mbili bila kupunguza mwendo.

Jembe halikulia.

Nilisikia hilo, mama. Nisiseme sikusikia. Kwa pembe ya jicho niliona nguo yako chini, kwenye majani, chini kuliko siku zote. Nikageuza uso, kama ilivyo heshima. Kukatoka sauti, kama mtu anayesafisha koo, nami nikajiambia kwamba umejibu. "Jambo yenu, mama," nikasema, na wakati huohuo gurudumu la mbele likaruka juu ya kitu. Ulikuwa mpini wa jembe lako. Jembe lilikuwa limelala katikati ya njia.

Nani huacha jembe njiani? Si wewe. Nililijua hilo kabla gurudumu la nyuma halijapita. Lakini nilikuwa nateremka tayari, na nikaacha baiskeli iteremke.

Nilivuka daraja la magogo bondeni. Nikapanda ule mlima nikisukuma, nikihesabu sababu. Umekaa kupumzika. Unajisaidia, na mkwe akirudi itakuwa aibu isiyosemeka. Jembe limekuponyoka. Kila sababu ilikuwa nzuri na hakuna hata moja niliyoiamini. Nilipofika kwenye reli niliwaona watoto wamejipanga uwanjani, na bendera bado iko chini mkononi mwa mkubwa wao. Nilikuwa nimewahi. Kwa mara ya kwanza juma lile nilikuwa nimewahi. Nilisimama pale mguu mmoja juu ya reli, nikaitazama ile bendera ikipanda, kisha nikageuza baiskeli.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Kwenye mteremko soli ya kiatu iliungua mpaka nikainusa, kwenye magogo nilianguka na goti likafunguka. Nilipokikaribia kichuguu nilipiga tena kengele mara mbili. Hata wakati ule, mama, nilipiga kengele. Sikujua njia nyingine ya kukujia.

Ulikuwa umeegemea kichuguu, mguu mmoja umekunjika vibaya, mdomo umevutwa upande. Uliponiona ulichukua kitambaa cha buluu kwa mkono uliobaki mzima ukajifunika uso. Ukasema kwa shida, "Usiniangalie." Niliita watu. Hakuna aliyejibu. Nikasema, "Munisamehe, mama," nikakuinua.

Nilifungua kamba za mpira, nikaweka karatasi za mitihani chini kwenye matope, nikakukalisha mahali pake. Hukuweza kujishika. Basi nilikufunga kwangu, mgongoni, kwa zile kamba na kwa kitenge chako, kama mama anavyomfunga mtoto, na kichwa chako kikalala begani mwangu. Pumzi yako ilikuwa shingoni mwangu. Sikuweza kukanyaga pedali, nilisukuma baiskeli ikiwa katikati ya miguu yangu, nimeinama juu ya usukani ili usianguke. Tulipotokea kwenye nyumba za watu nilisikia mwanamke akipiga kelele, "Yo! Mwalimu iko nabeba buko yake!" Wengine walifunika macho. Kijana mmoja tu ndiye aliyekuja kushika baiskeli upande wa pili, mpaka hospitali.

Muuguzi aliniuliza, "Ilianza saa ngapi, papa?"

Nikasema, "Sasa hivi. Nilifika tu, nikamukuta."

Ulikuwa kitandani, kitambaa kimedondoka. Ndipo nilipouona uso wako. Una kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, sawasawa mahali ambapo Odette ana alama yake ya kuzaliwa. Macho yako yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama. Nami sikurekebisha neno.

Ilikuwa nusu saa, labda zaidi. Sijui nusu saa ile ilikula nini katika mkono wako wa kulia. Sikuuliza, na nikiona daktari anakuja niliondoka nisije nikaambiwa. Mkono huo haukushika jembe tena.

Ulipopata maneno, watu walikuuliza ilikuwaje. Ukawaambia, "Alifika tu, akanibeba." Maneno yangu yaleyale. Mjomba wa Odette akasema nimefanya vema, lakini buko ni buko: nimekugusa, basi nitoe kuku, ukimla, heshima ile ya kufichana itafunguka. Nilitoa kuku mweupe. Ulimla, ukasema alikuwa mgumu, na tangu siku hiyo tulikaa uani pamoja kama mama na mwana, misimu miwili ya mvua. Nilikuwa nikitoka kazini naegesha baiskeli, unaniambia uso kwa uso sasa kwamba mnyororo umelegea. Nilikupenda, mama. Na kila ulipocheka nilikuwa nangoja useme lile jambo.

Ulilisema alasiri moja, Odette akiwa sokoni. Ulikuwa unachambua maharagwe kwa mkono mmoja.

"Siku ile nilisikia kengele mara mbili," ukasema. "Nyuma yake, jua ilishaka kupanda, nikaisikia tena mara mbili. Mukono njo ilikufa. Masikio haikukufa."

Nilitaka kupiga magoti. "Mama, miye..."

"Acha. Ulirudia, haina vile? Odette iko na kasirani sana. Tuikale kimya." Ukanisogezea bakuli nichambue nusu.

Nilichambua. Nikakaa kimya, maana uliniambia, na maana ilinifaa. Sasa huu ndio ukweli wangu: nilijificha nyuma ya huruma yako kama ulivyokuwa ukijificha majanini kwa ajili ya pantalo langu. Siku ya kukuzika waliimba kwamba Odette amepata mwanamume anayevunja heshima ili aokoe mtu. Odette alinishika mkono mbele ya wote. Tangu hapo, nikichelewa au nikisahau jambo la nyumba, hanigombezi. Anasema, "Basi, weye ulibeba mama." Silali vizuri ubavuni mwake, na nikipita pale kichuguuni asubuhi nageuza uso ingawa hakuna mtu.

Kuku wa kukugusa nilimtoa. Kuku wa kukupita sijamtoa.

Nimemnunua jana. Yuko hapa, miguu imefungwa kwa kamba ya mpira, ileile. Odette ameingia sasa hivi na pasi mkononi, akamwona.

"Hii kuku ni ya nini? Chakula ya bantu ilishaka kupikwa."

"Ni ya mama."

"Ya mama ulishaka kutoa."

"Ile ilikuwa ya kumugusa."

Amenitazama, akaitazama karatasi hii, akanitazama tena. "Na hii?" Nimemwomba anisubiri nimalize kuandika. Ametoka. Sisikii tena pasi.

Tutakwenda kwa baiskeli, yeye nyuma, kuku mapajani mwake. Sitamwacha ayasikie haya pamoja na umati. Nitamwambia kwanza yeye, palepale kichuguuni, nikimtazama. Akishuka akarudi nyumbani kwa miguu, nitakwenda peke yangu mbele ya ndugu zako na kuku wangu, niseme yaleyale. Ulinikataza, mama, na hii ndiyo mara ya kwanza sikutii. Unisamehe hilo pia. Lala vizuri huko uliko, mahali ambapo hakuna anayekulazimisha kuingia majanini.

Makaa yamezimika. Ananiita. Nikifika kwenye kichuguu nitapiga kengele mara mbili, kama zamani. Safari hii sitapita.

Mkweo,
mwalimu wa baiskeli inayolia