Sauti ya Gari ya Mzee Faki

Fundi Kombo,

Nimetoka kukusomea Fatiha kaburini, na sasa nimekaa kwenye benchi letu la gereji hapa Tibirinzi. Najua barua hii haina pa kupelekwa. Lakini yaliyonipata na gari ya Mzee Faki wa Wingwi siwezi kuyakalia kimya, na mtu wa kuambiwa ni wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Mkeo Bi Time hajambo. Eda imekwisha na ameanza tena kusuka mikeka. Funguo za gereji alinipa kwa mkono wake, akasema, "Usifunge mlango, Hamadi. Hakukufundisha kazi ukae nyumbani." Siku hizi watu wanaulizana chama kabla ya kuulizana hali, ila hapa gari inaingia bila mwenyewe kuulizwa kitu. Kilichonitia unyonge ni wateja wako waliohamia kwa fundi wa Madungu. Walisema nimerithi mikono yako tu, masikio umekwenda nayo.

Basi akaja Mzee Faki na pikapu yake ya kijani.

"Inalia," akaniambia. "Lakini ukiipanda wewe itanyamaza."

Kweli, niliizungusha mjini ikanyamaza kimya. Fundi mwengine alishamwambia difu ya nyuma imekufa, aagize nyengine Unguja. Mzee Faki hakuwa na nafasi ya kungoja meli. Mkasi, mke wa mwanawe, alikuwa karibu kujifungua. Uzazi wa kwanza ulikuwa mgumu na mtoto hakupona, na daktari alisema safari hii azalie hospitali, hapa mjini Chake. Wingwi nzima hakuna gari nyengine ya kumleta.

"Nipe niende zangu," akasema mzee. "Maadamu inatembea."

"Samahani, mzee wangu. Gari hino haimpakii Mkasi mpaka nijue inalia nini."

Aliniangalia sana. Mimi mwenyewe nilishangaa, maana sauti ilinitoka imetulia, kama yako ulipokuwa ukiwakatalia watu.

Nikamuuliza inalia wakati gani. Akafikiri, akasema, "Nikitoka shamba." Nikamuuliza akitoka shamba huwa amepakia nini. Karafuu, nazi, na watu juu yake. Hapo nikaelewa kwa nini hakuna fundi aliyeisikia: wote tuliijaribu tupu.

Tukapakia magunia ya mchanga. Nikamwomba mzee aendeshe, mimi nikalala nyuma na sikio kwenye mbao. Tulipoingia njia mbovu ikaanza: kwi, kwi, kwi, nyembamba kama kifaranga aliyepotewa na mamaye. Fundi, ulinifundisha mlio wa klachi, wa beringi, wa gia iliyovunjika jino. Huu hukunifundisha. Mkono ulishainuka kugonga kioo nikwambie wewe, kama zamani ulipokuwa ukiendesha, sikia, lakini kioo kilinionyesha kofia ya Mzee Faki. Nilibaki hivyo hivyo, mkono hewani.

Kisha nikalirudisha sikio kwenye mbao, nikafanya kazi.

Nilimwambia mzee abadilishe gia bila kubadilisha mwendo. Mlio haukubadilika, basi si gia boksi. Kwenye mteremko akakanyaga klachi, injini ikapumzika. Mlio uliendelea, basi si injini. Nikachungulia gurudumu likizunguka: mlio ulikwenda mbio kulipita. Kinachozunguka mbio kulipita gurudumu ni propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu nyuma. Mzigo ukikandamiza springi, propela inakaa kwa pembe nyengine, na kiungo chake kibovu kinasema.

Niliingia chini magunia yakiwa bado juu. Kwenye krosi ya mbele, kile kiungo cha msalaba, nikaona vumbi jekundu limezunguka vikombe vyake. Niliifungua. Vile vijiti vya ndani vilivyo kama sindano vilikuwa vimesagika unga, hakuna hata tone la grisi. Nikamwita mzee aone.

"Ingekatika kwenye mteremko," nikamwambia, "propela ingechimba barabara na kuwapindua nyote."

Mzee Faki alichukua ule unga kwa ncha ya kidole, akauangalia, akakaa chini kwenye majani. Akasema tu, "Na Mkasi angekuwa ndani."

Krosi mpya nilipata kwa Bwana Ramji, muuza spea. Nikaifunga, nikaijaza grisi, tukapita njia ile ile na mzigo ule ule. Nilisikia mawe chini ya magurudumu na upepo, basi. Nilicheka peke yangu juu ya magunia.

Mkasi aliletwa Chake na gari ile uchungu ulipomshika. Amezaa mtoto wa kike. Mzee Faki alinipitia akitoka hospitali, akasema, "Mama na mwana wazima," akanishika mkono na asiuachie upesi. Tangu hapo wateja wako wameanza kurudi.

Fundi wangu, nilidhani ulinifundisha milio. Kumbe ulinifundisha kuuliza. Nakuahidi gari itakayotoka mlangoni hapa itakuwa ile ninayoweza kumpakia mama yangu, na mwenyewe akikasirika, akasirike. Mlio nisioujua sitaukimbia.

Mwenyezi Mungu akupanulie ulipolala. Nakuaga sasa, kuna lori limesimama nje na dereva anapiga honi, nami naisikia injini yake kutoka hapa.

Mwanafunzi wako,
Hamadi