Mama, Mjukuu Wako Wanamwita Yelo

Mpendwa Mama,

Unisamehe kukaa kimya hivi. Mtoto akilala nalala, akiamka nafua. Barua hii nimeianza mara nyingi nikasinzia nayo mkononi. Mwanao Wafula alisema nikupigie simu tu, lakini kwa simu tungekatizana maneno.

Unakumbuka ulivyotoka Bungoma ukafika hapa Kitale na kuku kwapani, ukambeba mjukuu kabla hata hujaketi? Majirani walijaa nyumba. "Ati huyu! Yelo yelo kabisa! Wasichana watateseka, bana." Ukacheka, ukasema weupe huo ni wa ukoo wenu. Nilikuwa nimechoka, nikacheka pia.

Jioni ukanisimulia kwamba utotoni kwako yelo ilikuwa njaa: mahindi ya manjano ya msaada, mliyokula mkiona haya kwa sababu huku kwetu mahindi ni meupe. Nami nikakuambia ya shuleni, kwamba kwa Wazungu neno hilo ni ndugu wa dhahabu, na sisi la kwetu, manjano, ni jina la bizari. Ukasema, "Si ungeniambia mapema, kumbe nilikula dhahabu!"

Kisha mtoto akakataa kunyonya. Hata macho yakawa ya manjano. Ukasema, "Mwanike jua la asubuhi. Wangu wote waliota jua wakapona." Nikamfunga shali nikaenda hospitali. Nesi akambonyeza paji la uso, akasema, "Yelo hii si ya kuanika, mama. Analazwa." Mtoto akalala chini ya taa ya bluu ya kuondoa umanjano, macho yamefungwa kitambaa. Tuliporudi nyumbani, ulikuwa umeenda. Ulimwachia Wafula neno moja: "Mke wako anajua kuliko mimi."

Mama, sijui kuliko wewe. Lakini ningempeleka tena, na hilo sitaliombea msamaha.

Amepona. Sasa ni mweusi kama babake, ananyonya mpaka naona kizunguzungu. Ila uliondoka kabla ya kumwitia majina ya wazee wa ukoo ili apate lake, na watu wamechoka kungoja. Wanamwita Yelo. Juzi Wafula naye akamwita hivyo, akicheka. Mimi sikucheka. Huo ni ugonjwa wake, si jina lake.

Sina nguvu ya kugombana. Wafula anakuletea barua hii. Mpe unga wa wimbi wa uji, maana maziwa yanapungua. Mpe leso kuukuu, zile laini, na saga, ile mboga chungu ya kuongeza maziwa, kama bado iko shambani. Jina usimpe yeye. Hilo lilete mwenyewe, mtoto alisikie kwa mdomo wako.

Mke wa mwanao,
mama wa mjukuu wako